Gauni Lililokonda na Mwenyewe

"Mama Vifungo, hivi na nguo zako nazo zimepewa masharti na muuguzi? Mbona kila ukipungua, nazo zinapungua?"

Swali hilo liliulizwa na kinyozi, jirani wa mlango wa pili, asubuhi moja iliyokuwa imetulia kabisa. Jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya karakana ya kushonea, na cherehani ya Dada, mkubwa wa Mama Vifungo, ilikuwa ikinguruma taratibu kule ndani. Mama Vifungo mwenyewe alikaa mlangoni, sare ya shule mapajani, akitunga uzi kwenye sindano. Mteja aliyekuja kujaribu sketi yake aliangua kicheko.

Mama Vifungo hakucheka.

"Kinyozi, nenda kanyoe," alisema.

"Jamani, nimekosea nini tena? Nimesema umependeza!"

"Vichwa vinakusubiri huko."

Kinyozi akaondoka na taulo lake begani, akinung'unika kwamba siku hizi hata kumsifu mtu ni kesi. Lakini uzi wa Mama Vifungo ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Maana alijua hajapungua hata kidogo. Futi ya kupimia ilikuwa imesema hivyo wiki baada ya wiki, na fundi wa nguo akiacha kuamini futi, ataamini nini? Na pale pale alipokaa alihisi gauni lake likimkamata mbavu, taratibu, kama mikono ya mtu aliyesimama nyuma yake.

Aligeuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

Ndugu zangu, turudi nyuma miezi minne mpate kuelewa.

Hawa walikuwa ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada, alikata na kushona. Mdogo alikuwa mjane ambaye watoto wake walishahamia makwao. Kazi yake ilikuwa mapindo, matundu na vifungo, ndiyo maana akaitwa Mama Vifungo. Waliishi katika vyumba viwili nyuma ya karakana. Dada ndiye aliyefua na kupiga pasi nguo za nyumbani kila Jumamosi, na Mama Vifungo akafagia na kuosha vyombo.

Mama Vifungo alikuwa na kilo mia moja na nne, kisukari, na magoti yaliyolia kila akiinuka. Muuguzi wa zahanati alimkalisha chini akamwambia kwa upole:

"Mama yangu, sikutishi. Lakini miguu yako imeanza kufa ganzi. Tusipopunguza huu mwili, iko siku tutazungumza habari za kukata kidole, na baada ya kidole, mguu."

"Nifunge kula?"

"Nani kasema ufunge? Kula mara tatu. Nusu ya sahani iwe mboga. Chai yako ina vijiko vingapi vya sukari?"

"Vinne."

"Anza na viwili. Tembea nusu saa kila siku. Dawa usiache, na usimeze bila kula. Kisha kila mwezi njoo tukupime. Usikimbie, mama. Kinachopungua polepole ndicho kisichorudi."

Akafanya hivyo. Wiki ya kwanza alipata njaa na hasira, hadi akamkaripia mteja kwa sababu ya kifungo kimoja. Wiki ya tatu walialikwa arusi, akala sahani mbili na keki, na kesho yake akaamka amejaa aibu. Lakini alifanya jambo la busara. Hakusema basi nimeshaharibu, ngoja niharibu kabisa. Alikunywa chai yake ya vijiko viwili, akavaa viatu, akaenda kutembea. Mwezi ulipoisha, mizani ya zahanati ilisoma mia moja na moja.

"Kilo tatu!" muuguzi akampigia makofi. "Hivyo hivyo."

Alirudi nyumbani anaimba. "Dada, nimepungua! Na gauni limeanza kunipwaya, angalia!"

Dada aliacha kukanyaga cherehani. Alimtazama mdogo wake kuanzia mabegani hadi chini, akamtazama tena, kama mtu aliyemwona maiti anakohoa. Kisha akasema, "Haya," akaendelea kushona.

Jumamosi iliyofuata mambo yakaanza.

Gauni lilitoka kwenye pasi likiwa bado na joto. Mama Vifungo alilivaa, likambana. Lile lile lililompwaya juzi! Akavaa la pili, nalo likambana. Hata koti la kazi lilimkamata kwapani.

"Dada, hebu nipime."

Katika nyumba ile palikuwa na sharti aliloliacha marehemu mama yao, aliyewafundisha kazi: anayepimwa haruhusiwi kushika futi. Mtu akijiinamia kusoma namba, mwili unakunjamana na futi inadanganya. Kwa hiyo tangu usichana walipimana wenyewe kwa wenyewe, na anayepimwa alisimama wima akitazama mbele.

Dada akazungusha futi kiunoni. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ile ile ya mwanzo," akasema.

"Haiwezekani."

"Futi ndiyo inasema, mdogo wangu, si mimi. Labda mwili wako Mungu aliuumba hivyo. Kaa ule chakula chako kwa amani."

Mama Vifungo hakukaa akala. Aliondoa chakula cha jioni. Jumamosi iliyofuata gauni likambana, na futi ikasema ile ile. Akaondoa na cha asubuhi. Jumamosi nyingine tena, ile ile. Ikafika mahali akawa anaishi kwa chai ya rangi na nusu ya tunda, na dawa zake za kisukari anameza vile vile, kwa maji matupu.

Tarehe ya kupimwa zahanati ilipofika, hakwenda. Aliona aibu. Angemwambia nini muuguzi aliyempigia makofi? Mwezi wa pili ukapita, na wa tatu.

Ndipo nyumba ikaanza kumwogopesha. Kila Jumamosi aliposimama uani akiosha vyombo, alisikia kutoka chumba cha pasi sauti ndogo kama ya mdudu anayetafuna: tss, tss, tss. Akiingia, anamkuta Dada amesimama mbele ya meza, pasi mkononi, amempa mgongo. Akifagia, anakuta vipande vya uzi chini ya msumari zilipotundikwa nguo zake, vifupi vifupi, vimekunjika kama kope za macho. Mara moja alinyoosha mkono kugusa gauni lake msumarini, akaukuta upande wa mbavu ni mgumu na mnene, kama una mfupa ndani. Akautoa mkono haraka, hakugusa tena.

Na kile kioo kirefu cha kujaribia nguo! Humo alimwona mwanamke mwenye mashavu yaliyobonyea na shingo ya kuku aliyenyonyolewa, amevaa gauni lililomkaa sawasawa. Alisema kioo kimezeeka. Akakifunika shuka. Wateja wakalalamika kwamba wanajaribu nguo kama vipofu, naye akawajibu kuwa aliyeona nguo yake ni mbaya akashone kwingine.

Mtaani walinong'ona. Wengine walisema anaumwa, wengine kwamba kuna mtu amemfanyia kitu. Yeye aliomba: Mungu wangu, nionyeshe kilichomo ndani ya nguo hizi. Na Mungu alikuwa ameshamjibu asubuhi ile, kwa mdomo wa kinyozi. Lakini sisi binadamu tunataka majibu yaje na ngurumo. Jibu likija na taulo begani, tunalifukuza likanyoe.

Siku mbili baada ya swali lile, yapata saa nne asubuhi, Mama Vifungo aliinuka kumpa mteja sare zake. Jasho lilimtoka baridi. Midomo ikafa ganzi. Aliona mlango wa karakana unakwenda mbali, mbali, unakuwa mdogo kama tundu la kifungo, kisha akaanguka chali katikati ya vitambaa.

Mteja alipiga yowe. Kinyozi alikuja mbio, mkasi wake bado mkononi.

"Hapumui vizuri! Nguo imembana! Shikeni kichwa!"

Akaingiza mkasi chini ya kwapa, akakata mshono wa ubavuni hadi kiunoni. Bitana ikapasuka. Na kutoka ndani yake kitambaa kikaanza kutoka, kunjo baada ya kunjo, kikafunguka chenyewe sakafuni kama kitu kilichokuwa kimezuiliwa pumzi. Kinyozi akarudi nyuma.

"Mama yangu mzazi," alisema. "Hili gauni lina gauni lingine ndani."

Kwenye kitambaa kile palikuwa na mistari ya mishono, mmoja pembeni ya mwingine, ya uzi wa rangi ile ile. Mteja aliihesabu bila kukusudia. Ilikuwa kumi na miwili, wa kila Jumamosi mmoja.

Wakamgeukia Dada. Alikuwa amekaa pale pale kwenye cherehani, mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Zahanati walimtia Mama Vifungo maji ya sukari mshipani, na macho yake yakafunguka.

"Dawa ulimeza?" muuguzi akamuuliza.

"Nilimeza."

"Na chakula?"

Mama Vifungo akageukia ukutani.

"Unameza dawa ya kushusha sukari na tumbo tupu! Ulikuwa unataka kwenda wapi, mama yangu?"

"Nilikuwa sipungui."

Alipopata nguvu wakamsimamisha kwenye mizani. Kilo themanini na mbili.

"Pima tena," Mama Vifungo alisema.

Akapimwa tena. Themanini na mbili. Akaomba mara ya tatu. Ndipo alipokalia kiti na kuanza kulia bila sauti, akijishika mikono yake mwenyewe, iliyokuwa myembamba, kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyeingia naye humo ndani bila yeye kujua.

"Siwezi kukupongeza kwa hizi," muuguzi akamwambia. "Hizi umezing'oa. Nyama imekwenda, nguvu zimekwenda, na kilo zitarudi zote na zaidi. Tunaanza upya, kwa chakula."

Jioni, bado jua lipo, Dada alikuja kusimama kando ya kitanda. Alizungumza akitazama sakafu.

"Unakumbuka mama alivyokonda mwaka ule? Nguo zilimning'inia. Nilikuwa nazipunguza kila wiki ili wageni wasione. Nilizipunguza mpaka siku ile alipotutoka." Akanyoosha shuka la kitanda. "Ulipokuja unaimba kwamba gauni linakupwaya, nilimwona yeye. Nikasema ukiona hupungui utakata tamaa, utakula, utabaki."

"Na futi?"

"Futi nilikudanganya."

"Uliniona siamki vizuri. Uliniona nazimika."

"Nilikuwa nasema Jumamosi hii atakata tamaa. Jumamosi hii."

MAFUNZO

Ndugu zangu, hadithi hii ni ya wengi kuliko mnavyofikiri.

Kwanza, mwili ni amana. Mwenye amana haijazi kupita kiasi mpaka ipasuke, wala haitupi njaani kwa hasira. Ukitaka kupunguza, anza na kitu kimoja unachoweza kukifanya hata mwaka ujao: vijiko viwili vya sukari badala ya vinne, mboga nusu ya sahani, matembezi ya kila siku. Wenye dawa, msibadili kula kwenu bila kumwambia aliyewapa dawa.

Pili, kuteleza kutakuja. Utakula sahani mbili arusini. Namba nayo itasimama wiki nzima, hata tatu, bila kosa lako. Hapo ndipo watu wanapopotea. Usijiadhibu kwa njaa. Rudi kwenye utaratibu wako kwa mlo unaofuata tu. Na ukiona aibu kwenda kupimwa, siku hiyo ndiyo uende, maana Mama Vifungo angekwenda ule mwezi wa pili, mizani ingemwambia ukweli siku ile ile.

Tatu, na hili ni letu sisi tunaoishi na mtu anayejaribu. Tusimdanganye kwa sababu tunampenda. Kama una hofu, iseme mezani, mchana kweupe. Ukiificha utaishia kumshonea ndugu yako ndani yake.

Nimebakiza jambo moja.

Mama Vifungo alirudi nyumbani baada ya siku nne. Wiki ya pili, uso ukiwa umeanza kupata damu, alikaa mezani na sahani aliyoelekezwa: mboga nusu, maharage, wali kidogo. Dada akaja na mwiko, akaongeza wali. Mama Vifungo akaurudisha chunguni. Dada akaongeza tena.

"Muuguzi anasema miguu yangu bado haijapona," Mama Vifungo alisema. "Nitaendelea kupungua, Dada, lakini polepole, na mbele ya macho yako. Jumatatu ninapimwa. Twende wote, usikie kwa masikio yako."

Mwiko ulikuwa bado umeinuliwa.

"Nakuuliza, na mbele ya Mungu unijibu. Unanitaka nikiwa mzima, au unanitaka nikiwa mnene?"

Dada aliweka mwiko mezani taratibu, akavua aproni, akaitundika, akatoka nje, na swali likabaki mezani pamoja na mwiko.