Dole Gumba la Mama Mshonaji

Wakili alinipa bahasha jioni, nikiwa nimeshazima kompyuta na kubeba mkoba.

"Pitia kwa Mama Mshonaji," alisema bila kuniangalia. "Aweke dole gumba, wewe usaini kama shahidi. Dakika tano tu."

Nilikuwa karani wake mwaka wa tisa. Njiani nikaifungua bahasha. Hati ya zawadi. Mama Mshonaji, mjane, anampa shemeji yake nyumba ya vyumba sita kando ya barabara kuu. Bure. Kwa hiari yake na akili timamu.

Nikapunguza mwendo. Mama huyo alikuwa na binti mmoja, wakiishi humo humo. Na barabara ile ilikuwa imetoka kuwekwa lami, kila jengo limepanda thamani mara nne. Nani anagawa nyumba kama hiyo kama shati lililochakaa?

Shemeji mwenyewe alinifungulia mlango. Mtaa mzima ulimwita Msimamizi, maana kila ndugu yake akifariki, yeye ndiye aliyekwenda mahakamani kuomba kusimamia mirathi. Wajane wote aliowasimamia walikuwa sasa wapangaji kwenye nyumba za watu. Hakuna aliyewahi kumshika kwa kosa. Karatasi zake zilikuwa safi. Najua, nyingi nilizichapa mimi.

"Karibu, dada," alinong'ona. "Umeme umekatika."

"Binti yuko wapi?"

"Nimemtuma dawa."

Akaniongoza kwa tochi ya simu. Ndani kulinuka udongo uliolowa... ilhali sakafu ilikuwa ya saruji. Chumba cha pili cherehani ilikuwa inashona. Krr-krr-krr. Nikapata nguvu kidogo. Angalau kulikuwa na mtu mwingine.

Mama Mshonaji alilala ameelekea ukutani, shuka hadi shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Kalala," alisema Msimamizi. "Daktari kampa dawa ya usingizi."

"Sheria inataka nimuulize akiwa macho."

"Dada. Mimi na bosi wako tumeshaongea."

Nikauliza hivyo hivyo. Miaka tisa inafundisha mdomo kuuliza wenyewe.

"Mama, nyumba hii ni yako?"

Cherehani ikasimama.

Kisha ikaendelea. Krr-krr-krr.

"Unajua karatasi hii inasema nini?"

Ikasimama tena. Ikaendelea. Jasho la mkono wangu likalowesha pembe ya hati.

"Unampa shemeji yako nyumba kwa hiari?"

Ikasimama. Safari hii haikuendelea. Kupitia ukuta ikaja sauti ya mwanamke, nzito, kama ya mtu aliyebana pini mdomoni.

"Sikumpa."

Nikamgeukia Msimamizi. "Nani yuko chumba kile?"

"Hakuna mtu."

"Na anayeshona?"

Midomo yake ilikuwa imekauka. "Cherehani niliiuza Jumatatu."

Hapo akafanya haraka. Akaufunua mkono wa mama na kuuvuta. Ulikuja mzima mzima, haukukunjika, kama ubao. Mimi nilimwosha mama yangu mzazi alipofariki. Mkono wa namna ile naujua.

Akalibonyeza dole kwenye wino, akaligandamiza kwenye hati.

"Saini," alisema.

Nikatoka mbio, nikamwachia hata kalamu.

Nje nikagongana na binti, mfuko wa dawa mkononi. "Usiingie peke yako, mdogo wangu. Ita majirani." Aliniangalia usoni, mfuko ukamdondoka.

Majirani waliingia nikiwa nao. Muuguzi wa jirani alisema mama alifariki tangu asubuhi. Chumba cha pili kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Msimamizi. Ndani hakukuwa na kitu, ila alama za miguu ya cherehani sakafuni.

Kesho yake nilifukuzwa kazi. Mtu mwingine alisaini kama shahidi, hati ikaandikwa tarehe ya wiki iliyotangulia, masjala ya ardhi wakaipokea. Kabla msiba haujapoa binti akapewa notisi ya kuhama.

Akafungua kesi. Nikatoa ushahidi wote. Wakili, bosi wangu wa zamani, akasimama akicheka: karani aliyefukuzwa ana kinyongo. Ukumbi ukacheka naye. Nilimwona binti anainamisha kichwa.

Kisha akaitwa mtaalamu wa alama za vidole.

"Alama hii si ya marehemu," alisema. "Nimelinganisha na kumbukumbu za vitambulisho. Ni ya Msimamizi mwenyewe."

Lakini mimi nilikuwepo! Niliona dole la nani lilitiwa wino. Hakimu alisema huenda karatasi ilibadilishwa baadaye. Huenda. Ila doa la jasho langu lilikuwa bado pembeni.

Hakimu akaagiza Msimamizi aweke dole upya mbele yake. Akabonyeza. Karani wa mahakama akalipangusa, akarudia. Mara tatu.

Duara jeusi. Laini. Bila mstari hata mmoja.

Binti alibaki na nyumba yake. Wakili alifutiwa leseni. Msimamizi akapewa dhamana akisubiri kesi ya kughushi, nami nikapanga kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na masjala.

Jana jioni aliingia nikiwa nafunga. Amekonda, mikono mfukoni.

"Nataka kuuza kiwanja changu," alisema. "Changu halali, dada. Benki hawanitambui. Masjala hawanitambui. Naweka kidole, mashine inasema hakuna mtu."

Akatoa mikono, akaiweka juu ya meza. Vidole vyote kumi vilikuwa laini kama mayai yaliyomenywa.

"Kilianza kimoja," alinong'ona.

"Sasa nikusaidie nini, mzee?"

Akautazama mkono wangu. Muda mrefu.

"Niazime chako... Kidogo tu."

Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa kama aliyelijua jibu, akanishika mkono kuniaga, akaondoka. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

Leo alfajiri simu yangu imekataa kufunguka. Nimelipangusa dole kwenye sketi, nikabonyeza tena.

Na tena.

Sijawasha taa. Sitaki kuliangalia.