Tanzia ya Akiba

Jua lilikuwa linazama mhariri aliponituma gesti, chumba namba nne, nikachukue maelezo na sahihi. Kazi ya dakika kumi tu. Mzee mmoja alikuwa ametokea, akidai ameuona mwisho wa ule msafara wa watu tisa waliokwenda kuuchora msitu usiokuwa kwenye ramani yoyote. Walipotea miezi minne iliyopita. Mchora ramani wao ni kaka yangu.

Mzee huyu alikuwa shahidi wa nne. Wa kwanza alisema wamezama mtoni. Wa pili, wameliwa na fisi. Wa tatu aliwaona wakicheza karata ng'ambo ya mpaka! Njia ya mwongo ni fupi, lakini hawa walikuwa wameshatutembeza sana.

Malori ya kuwatafuta yalipangwa kuondoka alfajiri. Tukichapa kwamba wamekufa, hayaondoki.

Harufu ilinipokea koridoni. Nilidhani panya amefia ukutani. Hapana... ilikuwa na utamu ndani yake.

"Pita, dada," sauti ikanong'ona.

Alikuwa amekaa kitandani, kopo la biskuti mapajani, midomo inang'aa mafuta. Kila alipofumbua kinywa, nzi mmoja alitoka. Sikuona hata mmoja akiingia.

"Niliwazika wote," alinong'ona. "Mchora ramani alikuwa mcheshi, mwenye mwandiko mzuri, asiyeamka mpaka aitwe mara tatu..."

Kalamu ikanigandia mkononi.

Yale yalikuwa maneno yangu.

Sisi watu wa magazeti huandika tanzia za akiba, mtu angali hai, ili kifo kisitukute mikono mitupu. Ya kaka niliiandika mwenyewe, kwa aibu, nikaifungia kwenye droo. Hakuna aliyeisoma.

"...Nilimtambua kwa kidole kidogo kilichokatika. Mkono wa kushoto."

Nikashusha pumzi. Kidole kile nilikikata mimi, utotoni, kwa mlango wa gari. Kilikuwa cha mkono wa kulia. Siku ninaandika nilikuwa naitazama picha yake ukutani, nikachanganya pande, nikaandika kushoto. Mzee huyu alikuwa ameyaiba maneno yangu pamoja na kosa langu.

"Ushahidi huu hapa," akasema, akafungua kopo.

Kiganja cha kushoto. Cheusi, kimevimba, kidole kidogo hakipo. Ngozi yake ilikuwa inatembea. Mzee akapapasa pale palipokatika, kisha akajilamba kidole, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.

Nilitapika palepale sakafuni, nikakimbia.

Ofisini nilieleza yote, hata habari ya droo, hata kosa langu. "Bosi, si yeye. Kaka yangu yuko hai."

Mhariri alinisikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma. Akanifuata hadi kwenye droo, akaichukua ile karatasi, akafuta neno moja, akaandika jingine juu yake.

"Kulia," akasema. "Ahsante kwa kutusahihisha. Inakwenda mtamboni."

Nilimwonea kinyaa kuliko nilivyomwonea yule mzee. Nikamkamata mkono, nikamburura hadi gesti akajionee mwenyewe. Mhudumu alitushangaa. Chumba namba nne hakijapangishwa tangu bomba lipasuke, alisema, na kweli kitanda hakikuwa hata na shuka. Kopo lilikuwa juu ya godoro.

Mhariri alilifungua.

Kiganja cha kulia.

Hakikunuka. Kilikuwa bado na joto. Chini ya kucha kulikuwa na wino wa ramani, na pale pa kidole kidogo kulikuwa na kovu la zamani ninalolijua mimi na mama yetu tu.

Nilipiga magoti. "Andika wako hai," nilimwomba. "Andika sasa hivi, bosi. Andika mkono wake uko mahali pake..."

Alilifunika kopo, akalibana kwapani.

"Pole sana, dada yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini sasa tuna ushahidi."

Alfajiri nilisimama barabarani, nikawatazama madereva wakishusha mablanketi kutoka kwenye malori.