Zamu ya Kukaa Mbele

Kilichompeleka Jael msituni ni kukimbia malori. Cheka ukitaka. Mtu ameendesha baiskeli ya lami miaka saba, anatoka Changamwe hadi Mariakani na kurudi kabla majirani hawajanywa chai, halafu asubuhi moja trela la mafuta linampita karibu mno mpaka kioo chake kinamkwaruza bega. Hakuanguka. Lakini usiku ule alilala na honi masikioni, na kulipokucha akampigia simu Kai.

"Nipeleke kwa hizo njia zenu za vichakani," alimwambia. "Hii lami itaniua, buda."

Kai alicheka kwa furaha, maana alikuwa akimsihi tangu mwaka jana. Alikuwa fundi wa friji, mzaliwa wa huko nyuma ya Miritini, na katika kundi lao la baiskeli yeye na Jael walikuwa chanda na pete. Walipokezana upepo. Wa mbele huupasua, wa nyuma hujibanza karibu na gurudumu lake na kupumzika. Wa mbele akichoka hupepesa kiwiko, na wa nyuma hupita mbele bila kuuliza. Hiyo ndiyo adabu ya barabarani. Mtu aliyejificha nyuma ya wenzake bila kushika zamu waliita kupe, na hakuna aliyelitaka jina hilo.

Jumamosi alasiri Jael alifika kwa mamake Kai, bibi mmoja mwembamba aliyeitwa Nyamvula. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu kuanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Kisha akamgeukia Kai. "Wewe, mtoke huko jua likiwapo. Wanisikia? Sina mwengine mimi, ni wewe tu."

"Naam, mama, nasikia."

Kai alimpa Jael baiskeli yake ya zamani ya mlimani, yenye matairi mapana. Jael akaing'oa pedali zake na kufunga zile alizotoka nazo nyumbani, za kubana viatu. Kai akatikisa kichwa.

"Huku mguu hauwekwi jela, Jael. Ukianguka, waanguka na baiskeli yako."

"Mimi na hivi viatu tumezoeana. Wacha maneno."

"Haya. Lakini jambo moja. Huku hatushikani magurudumu. Barabarani watazama gurudumu la mwenzio, huku tazama njia."

Jael akaitikia kama mtu anayeambiwa jambo la watoto.

Msitu ulimpokea kwa makofi. Mizizi ilimrusha, matawi yakamchapa usoni, mwiba ukamchana paja. Alianguka kwenye mchanga, akaanguka tena kwenye mawe, mguu ungali umebanwa kwenye pedali, na mara zote mbili akainuka anacheka huku damu inamtiririka gotini. Hakukuwa na honi wala moshi. Alijiona salama kuliko siku zote za mwaka ule, akamwambia Kai hivyo hivyo.

Jua lilipoanza kuzama, mnyororo wa baiskeli ya Kai ukakatika.

"Nitaunga," alisema, ameshachuchumaa na koleo mkononi. "Tangulia wewe. Mkono wa bahari uwe kushotoni kwako, utatokea kwenye lami. Usisimame njiani. Nakuja."

Jael akatangulia peke yake.

Giza la msituni huingia kwa haraka. Muda mfupi tu, njia ikawa haionekani vizuri, na taa yake ndogo ilimulika vumbi zaidi ya kitu kingine. Akagonga kisiki. Akagonga kingine. Kisha upepo ukaanza... upepo wa baridi, wa kuja usoni, mahali ambapo majani hayakutikisika hata moja.

Hapo ndipo alipomwona mzee.

Alikuwa mbele yake, juu ya baiskeli nyeusi ya kizamani, mitungi miwili ya tembo la mnazi imefungwa kwenye keria. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni. Pamoja na mzigo wote ule alikwenda mbio, na mitungi haikutoa hata mlio.

"Shikamoo, mzee!" Jael aliita.

Mzee hakuitikia. Pwani, mtu asiyeitikia shikamoo ni mgonjwa au ana kisa. Jael hakulifikiria hilo. Alichoona ni kwamba pale gurudumu la mzee lilipopita, mizizi ilikuwa kama imelala. Akasogea. Akasogea tena. Akajibanza nyuma yake, gurudumu kwa gurudumu, na upepo ukakoma. Ah, raha gani! Mabega yakalegea. Macho yake yakatulia kwenye tairi lile jembamba, wala hakuitazama njia tena.

Harufu ilimjia ya mnazi uliochacha. Na chini ya harufu hiyo, nyingine. Harufu ya bucha ambalo halijaoshwa.

Akainua taa mgongoni kwa mzee.

Haikuwa jasho.

Shati lilikuwa limepasuka mahali pengi, na nyama iliyo chini yake ilifunguka na kufungika kila mzee alipopiga pedali. Shingo ilikuwa imekatwa nusu. Kichwa kiliegemea bega moja kama mtu anayesikiliza kitu nyuma yake.

Kisha mzee akapepesa kiwiko. Mkono wote ulining'inia, ukaning'inia zaidi ya mkono wa mtu.

"Zamu yako, mwanangu," alinong'ona. "Nimekukatia upepo vya kutosha."

Jael angeweza kushika breki. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi. Lakini miaka saba ya adabu ilikuwa miguuni, si kichwani. Alishtukia tu ameshapita mbele.

Upepo ukampiga kifuani. Na nyuma yake msitu ukalipuka kwa sauti.

"Mchawi!"

"Mkateni miguu!"

"Msimwache!"

Vilikuwa vishindo vya watu wengi wakikimbia. Wanaume, wanawake, hata sauti nyembamba za watoto. Jael alipiga pedali kama mwendawazimu. Panga likatoka kichakani, mkono tu na panga, likampasua helmeti. La pili likapiga fremu, cheche zikaruka. La tatu likamkata mkono wa kushoto, akauona mfupa wake mwenyewe, mweupe, kabla damu haijaufunika.

"Si mimi!" alipiga kelele. "Mimi ni Jael! Jael wa Magongo!"

"Mchawi!"

Alijaribu kujitupa chini. Viatu vilikataa kuachia. Alipopinda kifundo kwa nguvu kikateguka, na mguu ukabaki palepale umebanwa, unazunguka na maumivu yake. Panga likamchana mgongo kutoka bega hadi kiunoni. Alijua kwamba linalofuata ni la shingo.

Mwanga ukamjia kutoka nyuma, mweupe, wa taa nzuri.

"Jael!" Alikuwa Kai, mnyororo ameshaunga, amelala juu ya usukani. "Una nini? Nani hao?"

Akafika ubavuni pake. Jael akamtazama. Aliuona uso wa rafiki yake, una jasho na wasiwasi, na akajua kabisa atakalolifanya. Mara ya kwanza mwili wake ulipita mbele bila kumuuliza. Mara hii uliuliza, naye akakubali.

Akapepesa kiwiko.

Kai akapita mbele.

Hakuuliza. Walikuwa wamepokezana hivyo maelfu ya mara. Na kelele zote zikamwacha Jael, zikampita kushoto na kulia kama maji yanavyopita jiwe, zikamfuata aliye mbele. Jael akaanguka na baiskeli juu yake.

"Nani w..." alimsikia Kai akisema. Kisha akasikia mapanga, tap, tap, tap, kama mtu anayefua madafu. Kai akalia. Akamwita mamake. Akamwita tena, kwa sauti yenye maji ndani. Jael akajiziba masikio kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu, na sikio moja likabaki wazi, likasikia mpaka mwisho.

Kando ya njia, mzee alikuwa ameegemeza baiskeli yake kwenye kichaka. Alifungua mitungi polepole na kuiweka chini. Shati lake lilikuwa kavu, jeupe pe.

"Pumzika sasa," alimwambia Jael. "Zamu ukishaitoa, umeitoa."

Akaingia msituni kwa miguu, wala hakugeuka.

Jael alitambaa mpaka barabarani. Polisi walisema ni vijana wa mapanga, wakakamata wachache, wakawaachilia. Lakini askari mmoja, mwenyeji wa Kwale, alikuja hospitalini bila sare na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba njia nzima hapakuwa na unyayo wa mtu. Palikuwa na matairi tu. Alitaka kuuliza jambo, akaghairi, akaenda zake.

Matanga yalipokwisha na mishono kutolewa, Nyamvula alikuja Magongo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa Jael, akakataa chai.

"Yule mzee aliitwa Mweri," alianza, ingawa Jael hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za mzee. "Alikuwa mgema. Watoto kijijini walikufa kwa homa, watu wakasema ni yeye. Wakamkimbiza na baiskeli yake mpaka wakamkata. Waliomkimbiza, wengine wamekufa, wengine nasali nao. Lakini mbio zile hazijakoma. Hawatazami sura, mwanangu. Wanamkata aliye mbele."

Jael alitazama sakafu.

"Sasa kila magharibi namsikia Kai. Apita nyuma ya jiko langu. Apumua kama mtu aliyechoka sana, na wao nyuma yake. Halafu wanamshika. Kesho yake, tena. Nambie. Alipita mbele mwenyewe, au alipewa?"

"Alipita mwenyewe, mama."

Nyamvula alimtazama muda mrefu. Jael alitamani apigwe, atemewe mate, lolote. Bibi akavuta tu leso yake mabegani.

"Sikuja kwa hilo. Nimekuja unifunze baiskeli."

"Baiskeli, mama?"

"Mtoto wangu amechoka. Hana wa kumpokea."

Baiskeli ya Kai, aliyokuja akiisukuma, ilikuwa nje, imeegemea ukuta, damu imeoshwa vizuri. Maneno "nitakwenda mimi" yalifika ulimini mwa Jael. Yalikaa hapo. Akayameza, na aibu yake ikamchoma mpaka machozi yakamtoka, na hata hivyo akayameza.

Wakaenda uwanjani, pale kwenye udongo mwekundu wa murram nyuma ya soko. Jael alishika kiti kwa mkono wake mzima, akichechemea, na Nyamvula akapiga pedali. Akaanguka. Akachubuka viganja na magoti, akainuka. Akaanguka ubavu mzima, meno yakagongana, akatema damu, akapanda tena. Watu waliokuwa wakipita walimcheka bibi wa watu anayejifunza utoto uzeeni. Siku zikapita wakirudi palepale kila alasiri, na kila alasiri kiti kikawa chepesi zaidi mkononi mwa Jael, mpaka jioni moja hakuhisi uzito wowote.

"Niachie sasa," Nyamvula alisema.

Jael akamwachia.