Randa na Kodiani

Damiani alikuwa seremala mjini Lindi, siku za Waingereza. Kwao ni Newala, lakini aliishi Lindi na mkewe, Helena, na binti yao mdogo, Lusia. Kila asubuhi Damiani alitandika jamvi barazani na kupanga vyombo vyake vya kazi. Alikuwa na msumeno mkubwa, patasi, nyundo, keekee ya kutobolea mbao, na randa nzuri ya chuma. Alipewa randa hiyo na fundi aliyemfundisha kazi misheni. Helena alikwenda shambani kulima muhogo, na adhuhuri alirudi kupika. Hawakuwa matajiri, lakini samaki hawakukosekana chunguni.

Jumamosi Damiani alifunga kazi mapema. Alioga, akavaa shati safi, akaenda kwenye mtaa wa maduka. Hakwenda kununua. Alikwenda kutazama.

Katika duka moja kulikuwa na kabati la kioo, na ndani ya kabati mlikuwa na kodiani. Kodiani ni kinanda cha kushika kifuani. Mpigaji huivuta na kuisukuma kama mivukuto ya mhunzi, na vidole vyake hubonyeza vifungo. Kodiani ile ilikuwa nyekundu, vifungo vyake vyeupe. Bei yake ilikuwa sawa na kazi ya miezi minne.

Damiani alisimama hapo mpaka mwenye duka alipofunga milango.

Hamu yake ilianza zamani. Alipokuwa mtoto Newala, mtu mmoja alirudi kutoka mashamba ya mkonge akiwa na kodiani. Alipiga siku moja tu, kwenye sherehe, kisha akaondoka huku anapiga. Damiani alimfuata hadi pale njia inapoanza kuteremka mlima. Alisimama akasikiliza. Sauti ilizidi kuwa ndogo, mwishowe akasikia upepo peke yake. Miaka ishirini ilikuwa imepita, naye bado aliitafuta sauti ile.

Siku moja Helena alifagia baraza, akaona pengo kwenye jamvi.

"Baba Lusia, keekee iko wapi?"

"Nimempa Lukas," alijibu Damiani. Lukas alikuwa seremala wa mtaa wa pili.

"Umemwazima?"

Damiani alitazama chini. "Nimemuuzia."

"Wiki iliyopita ulimuuzia msumeno. Leo keekee. Kesho utauza nini?"

"Randa. Nikiuza randa, fedha za kodiani zitatosha."

Helena aliweka ufagio chini. "Na mbao utazilainisha kwa meno?"

"Nitabaki na patasi na nyundo. Nitachonga vigoda na miiko. Vyombo vingine nitanunua kidogo kidogo." Kisha akasema polepole, "Mama Lusia, nikingoja zaidi, atakuja mtu mwingine ainunue. Nitafanya nini siku nitakayokuta kabati tupu?"

Helena alikuwa na maneno mengi. Lakini alimtazama mumewe usoni, akaona hamu aliyokuwa nayo, akashindwa kuyasema.

Jumatatu Damiani alimuuzia Lukas randa, akarudi nyumbani na kodiani. Alikuwa ameibeba kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Wiki za kwanza ilitoa kelele tu. Majirani walivumilia. Baada ya mwezi Damiani aliweza kupiga wimbo mmoja, wimbo ambao wanawake wa Newala huimba wakitwanga. Helena alikuwa anapepeta unga. Alisimamisha ungo, akasikiliza hadi mwisho.

"Rudia," alisema.

Damiani alirudia mara tatu. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka randa.

Mwezi uliofuata alifika mgeni kutoka Rutamba. Alikuwa Mwalimu Klementi, mkuu wa shule ndogo ya huko. Damiani alimjua, kwa sababu aliwahi kumtengenezea meza.

"Fundi, nimekuletea kazi," alisema Mwalimu Klementi. "Nataka madawati ishirini kabla shule haijafunguliwa. Mbao ziko tayari. Nimesema sitaki mtu mwingine ila wewe, maana meza yako mpaka leo haitikisiki."

Kazi hiyo ingewalisha nusu mwaka.

Mwalimu alitazama jamvi. Aliona patasi, nyundo na vigoda viwili. "Vyombo vyako viko wapi?"

"Nimeviuza, Mwalimu."

"Ulikuwa na mgonjwa?"

"Hapana," alisema Damiani. Kodiani ilikuwa juu ya kitanda, na mlango ulikuwa wazi. Mwalimu aliiona. Hakumlaumu.

"Nitangoja siku mbili," alisema. "Ukipata vyombo, kazi ni yako."

Damiani alikwenda kwa Lukas mbio. Alimwomba randa na msumeno kwa kukodi. Lukas alikuna kichwa. "Ndugu yangu, nikikupa randa, mimi nitafanyia nini? Nami nina watoto."

Alisema kweli. Siku ya tatu Mwalimu Klementi akampa Lukas kazi.

Kuanzia hapo, kila asubuhi Damiani alisikia sauti kutoka mtaa wa pili. Shwaa, shwaa. Randa yake ilikuwa inakwenda juu ya ubao. Aliijua sauti hiyo kuliko sauti ya ndugu zake. Alijua ilipokuwa inateleza vizuri, na alijua ilipohitaji kunolewa. Aliketi na kigoda mkononi, patasi haiendi.

Vigoda havikuleta fedha. Nyumbani walikula muhogo mtupu. Kisha masika yakaanza. Hewa ya pwani ikawa nzito, nguo hazikauki. Vifungo vya kodiani vikaanza kukwama. Sauti mbili zikanyamaza, halafu ya tatu. Damiani aliifuta kwa kitambaa, akaianika juani jua lilipotoka. Haikusaidia. Alimwendea mwenye duka.

"Mimi ninauza tu," alisema mwenye duka. "Fundi wa vinanda yuko Dar es Salaam. Ipeleke kwa meli."

Nauli na ufundi vingetoka wapi? Damiani aliifunga kodiani katika shuka, akaiweka chini ya kitanda.

Jirani yao alikuwa mama mmoja mjane, Bi Mwahija. Asubuhi alipika vitumbua vya kuuza, na mchana alisuka mikeka. Baada ya siku nne za kimya alibisha hodi.

"Shikamoo, Bi Mwahija," alisema Damiani.

"Marahaba, mwanangu. Nimezoea wimbo wako. Siku hizi siusikii. Kuna nini?"

Damiani alimweleza yote: keekee, randa, madawati, na vifungo vilivyokwama. Helena alikuwa ameketi kizingitini na Lusia mapajani. Bi Mwahija alisikiliza, kisha naye akaeleza habari zake.

"Mimi nilikuwa katika chama cha lelemama. Unaijua ngoma hiyo ya wanawake? Tulishindana na mtaa wa pili. Wakivaa kanga mpya, sisi tunavaa hariri. Wakichinja mbuzi, sisi tunachinja ng'ombe. Marehemu mume wangu aliniachia minazi kumi na mmoja. Niliiuza mmoja baada ya mwingine. Tukashinda. Walinibeba mabegani, wakaniita malkia." Alitabasamu kidogo. "Kesho yake nikaenda sokoni kununua nazi."



"Wewe unasikia randa yako mtaa wa pili," aliendelea. "Mimi vitumbua vyangu nakandia tui la minazi yangu mwenyewe. Nazi nanunua kwa mtu aliyeinunua minazi ile. Ni miaka tisa sasa."

"Basi nitaiuza hii kodiani," alisema Damiani. "Niache upuuzi."

"Sikusema upuuzi. Mtu asiye na hamu ni gogo. Mimi ngoma naipenda hata leo. Kosa langu ni kwamba niliuza kitu kinachozaa ili ninunue kisichozaa. Mnazi unazaa. Randa inazaa. Kitu cha kupenda kinunuliwe kwa ziada, baada ya chakula na vyombo vya kazi. Ziada ikiwa ndogo, mtu angoje."

"Nilingoja miaka ishirini."

"Ulitamani miaka ishirini, mwanangu. Uliweka akiba miaka mingapi?"

Damiani alifikiri. "Miwili. Nayo si kila mwezi."

"Haya. Na siku ya kununua, uliijaribu?"

"Niliogopa kuigusa."

"Uliuliza ikiharibika itatengenezwa wapi?"

"Sikuuliza."

"Ndipo penyewe hapo," alisema Bi Mwahija. "Kitu kikishanunuliwa huendelea kula. Baiskeli hula mipira. Saa hula fundi. Kodiani nayo hula. Ulijua bei ya kuileta nyumbani, hukujua bei ya kukaa nayo. Na ukiona huwezi kuilisha peke yako, tafuta wenzako mshirikiane."

Helena aliinua uso. "Wenzake gani, Bi?"

"Bakari, mtoto wa dada yangu, yule anayefanya kazi ya ukuli bandarini. Yeye na vijana watano wana chama cha dansi. Kila wakialikwa harusini hukodi kodiani Mikindani. Wamechoka kukodi."

"Wakija," alisema Helena, "nami nitakuwapo. Nataka randa irudi kwanza."

Bakari alikuja Ijumaa, baada ya sala, na wenzake. Walikubaliana hivi. Kodiani itakuwa ya watu saba. Wale sita watatoa fedha sasa, na Damiani atakuwa ameshatoa kwa kuileta. Nauli ya Dar es Salaam na ufundi watagawana sawasawa. Fedha za harusi zitatunzwa na Bi Mwahija, ili kodiani ijilishe yenyewe.

Kesho yake Damiani alikwenda tena kwa Lukas. Safari hii hakuomba vyombo. Aliomba kazi. Lukas alikuwa amechelewa, madawati tisa yalikuwa bado.

"Utafanya kazi chini yangu?" aliuliza Lukas.

"Nitafanya."

Damiani alishika randa yake kama kibarua wa mtu mwingine. Mikono iliikumbuka mara moja. Machozi yalimlenga, akainama juu ya ubao ili Lukas asione. Walimaliza madawati siku mbili kabla shule haijafunguliwa. Damiani akatoa fedha alizopewa na akina Bakari, akaongeza ujira wake, akaomba kununua tena vyombo vyake.

"Nilikupa bei ndogo kwa sababu ulikuwa na haraka," alisema Lukas. "Lete hiyo hiyo. Kwa fedha za madawati nitanunua randa yangu mpya."

Kodiani ilirudi na meli baada ya miezi miwili, sauti zote zimepona. Fundi wa Dar es Salaam alituma neno kwamba isiachwe kwenye unyevu. Damiani akaitengenezea sanduku la mvule lenye kifuniko cha kubana, hata hewa ya masika isipenye.

Chama kilialikwa Sudi, kikaalikwa Kiswere. Bakari ndiye aliyepiga, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wote. Siku ya kwanza kumsikia, Damiani alisimama nyuma ya watu. Ile ilikuwa ndiyo sauti aliyoifuata mpaka kwenye mteremko wa Newala. Iliwezekana kutoka, lakini si kwa mikono yake. Jambo hilo lilimuuma, na uchungu wake haukuisha upesi. Jumapili alasiri ilikuwa zamu yake ya kukaa na kodiani nyumbani. Alipiga wimbo wake wa kutwanga, na sasa aliongeza wa pili.

Kazi nazo zilirudi. Mwalimu Klementi aliagiza milango ya nyumba ya walimu. Samaki wakarudi chunguni. Damiani aliweka makopo mawili rafuni. Moja lilikuwa la kununulia na kutunzia vyombo vya kazi. Katika la pili alitia kidogo kila mwisho wa mwezi, baada ya chakula na baada ya kopo la kwanza. Hilo waliliita kopo la hamu.

Mwaka ulipokwisha, Damiani alilitikisa kopo la hamu. Lilikuwa zito.

"Mama Lusia," alisema, "hili si langu peke yangu. Wewe unatamani nini?"

Helena alimtazama kama hakusikia vizuri. Walikuwa wameoana miaka minane, na hakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Sijui," alisema. "Nipe siku mbili."

Siku ya pili, wakati wa kumenya muhogo, alisema, "Nataka kioo. Kirefu, cha kusimama. Tuna kile cha kuonea jicho moja tu. Sijapata kujiona mwili mzima."

Safari hii Damiani hakwenda peke yake. Walikwenda wote wawili. Waliuliza bei katika maduka matatu. Waliuliza pia kama unyevu unaharibu kioo, wakaambiwa kiwekwe mbali na ukuta unaovuja. Walinunua kioo bila fremu, kwa kuwa kilikuwa rahisi, na fremu Damiani akaitengeneza mwenyewe. Fedha kidogo zilibaki koponi.

Jumamosi alasiri alikisimamisha chumbani, akamwita mkewe.

Helena aliingia, amevaa kanga yake ya kawaida. Alisimama mbele ya kioo. Mama yake alifariki Newala wakati yeye yuko Lindi, na habari zilimfikia mazishi yameshapita. Sura ya mama ilikuwa imeanza kumpotea akilini.

Aliinua mkono taratibu akauweka shavuni.

"Ni mama," alisema. "Hata anavyosimama ni hivi hivi."

Damiani alitoka nje polepole, akaurudisha mlango, akawaacha wawili hao peke yao.