Sauti Iliyokwama Kibenga

Sogeeni, watu wa mtaa, niwaambie ya nyumba moja ya Kibenga, huku kando ya ziwa. Kila alasiri upepo wa ziwa ulipeperusha mapazia, mzee Karimu alijilaza mkekani, na sauti ya marehemu mkewe, Sijaona, ikaenea taratibu kama moshi wa ubani. Alikuwa akisimulia maisha yake, aliyoyarekodi kabla ya kufa. Mzee alisikiliza kipande kimoja tu kwa siku, kisha akasinzia akitabasamu.

Mtoto wao Tajudini, fundi wa kompyuta, ndiye aliyemwachia mama kirekodi, akaenda zake kazini. Masimulizi akayaweka kwenye seva, kompyuta ya kuhifadhia yenye mfumo wa Linux, chini ya meza. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyasikiliza. Yapo tu, alijisemea, hayakimbii.

Siku moja Asiya, mke wa Tajudini, akamwambia mumewe, "Baba Shakuru, ile mashine inakwaruza."

"Ni joto tu."

"Joto gani linagonga tak-tak?"

"We ulisomea kompyuta lini?"

Na seva yenyewe ilikuwa ikimtumia maonyo kwamba diski inakufa. Akayafuta bila kusoma. Diski ya akiba, ile ya kuwekea nakala, alikuwa ameijaza mechi za mpira. Mnaona mtu anavyojidanganya?

Basi alasiri moja sauti ikakwama katikati ya neno. Ikarudia, ikarudia, ikanyamaza. Mzee akainua kichwa. "Sijaona ameenda wapi?"

Tajudini akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Kila mara diski iligonga zaidi. Ndipo akampigia dada yake Soumaya, anayetunza kompyuta za watu wa mizigo bandarini.

Soumaya alikuja na flashi yenye Linux nyingine, ya kuwashia mashine bila kutegemea diski yake. "Toa mukono, kaka. Mugonjwa anatoka damu, we unamukimbiza?"

"Natengeneza."

"Apana. Kwanza tunakopi, kutengeneza ni baadaye. Diski ya kopi iko wapi?"

Tajudini akaileta, akafuta mechi zote.

Seva ikawashwa kwa ile flashi. Diski iliyougua ikanakiliwa polepole kwenye ile ya akiba: penye uzima kwanza, penye ubovu pakarukwa, pakarudiwa mwishoni. Nyumba nzima ilikaa kuizunguka mashine, jua likizama kwenye milima ya Kongo, kama watu wanaoota ndoto moja.

Kesho yake sauti ikarudi. Harusi, safari, njaa, karibu yote. Kipande kimoja kilibaki jina tu: Kuzaliwa kwa Tajudini. Ndani, mkwaruzo mtupu.

"Baba, mama alisema nini hapa?" Tajudini akamuuliza mzee.

"Sikuwa nimefika hapo, mutoto wangu. Nilisikiliza kidogo kidogo, asiniishie."

"Lakini siku yenyewe unaikumbuka?"

"Mi nilikuwa Kigoma na mizigo. Aliyejua ni yeye."

FUNZO

Ndugu zangu, diski ikianza kugonga, usiizime na kuiwasha ovyo. Nakili kwanza, na nakala nyingine ikae nyumba nyingine. Onyo likija, lisome. Na kama mama yako bado anapumua, usimwachie kirekodi ukaondoka. Kaa naye, umuulize ulizaliwaje.