Malisho ya Siri

Siku ya mnada mjini Garissa vumbi halimjui tajiri wala maskini. Hinda alipenya katikati ya ngamia na makelele, birika la chai mkono wa kulia, vikombe vya bati vikigongana mkono wa kushoto, shali yake ya manjano ameifunga kiunoni isije ikamkwaza. Shangazi yake, Kaltun, alikuwa na kibanda cha chai ukingoni mwa soko la mifugo, na Hinda ndiye aliyewapelekea madalali chai papo hapo waliposimama, kwa sababu dalali aliyeanza kupatana bei haondoki hata nyumba yake ikishika moto.

Mmoja wao, kijana mrefu wa kikoi cha kijani na mwanya mbele, alikuwa ameuingiza mkono chini ya kitambaa, ameshikana na mnunuzi, vidole vyao vikisemezana bei bila watu kujua. Ndiyo desturi ya soko lile.

"Naa, dada mwenye birika," alimwita. "Nishikie kikombe ninywe. Nikiutoa mkono huu, ngamia amekwenda."

"Nikunyweshe? Kwani wewe mtoto?"

"Leo tu. Kesho nitakuwa mzee."

Hinda akamshikia kikombe, akanywa, na macho yake hayakumbanduka msichana hata mara moja.

"Frasila tatu," alisema alipomaliza. "Na hapo nimekupima na birika."

"Huna adabu! Mimi mbuzi?"

"Mbuzi wangekuwa na macho hayo, wallahi nisingeuza hata mmoja."

Wanaume wakacheka. Hinda akaondoka amenuna, lakini kununa kwenyewe kulimshinda kabla hajafika kibandani.

Aliitwa Awil, na soko zima liliapa kwa jicho lake. Mnyama akipita tu, Awil alitaja uzito wake, akataja alikolishwa. "Mnyama hadanganyi," alipenda kusema. "Ukimwona amenona wakati wa ukame, jua ana malisho ya siri." Hinda aliyasikia maneno hayo mara nyingi, maana kijana alianza kunywa chai ambayo tumbo lake halikuitaka, na kila kikombe kilikuwa na utani wake. Mwaka wa 1965 ulipoisha, wazee walikuwa wamekwisha kukaa, uchumba umefungwa.

Wakati huo vita vya serikali na shifta, waasi wa mpakani, vilikuwa vimepamba moto. Awil alipeleka ng'ombe Thika, na nyuma yake barabara ikafungwa. Hakuna kupita bila kibali, na kibali hakuna. Yakabaki mapenzi ya simu, katika duka la Mwarabu, Hinda ameziba sikio moja kwa kidole.

"Haloo! Qalbi, moyo wangu, wanisikia?"

"Nakusikia. Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nakula nini wewe hupo?"

"Usikonde! Frasila tatu zenyewe hazitoshi, unataka kunirudishia mifupa?"

Halafu Nuh akauawa. Alikuwa kaka yake wa pekee, mchungaji. Wanajeshi walimkuta kisimani na ngamia wake, wakamdhania shifta. Habari ililetwa na mtu wa Balambala aliyekataa hata kuketi.

Huzuni ya Hinda haikuwa ya kulia. Machozi yangekuwa nafuu. Alihisi mwili wake umejazwa mchanga wa mtoni, kuanzia miguuni hadi ulimini. Nywele hazikuchanwa, uji uliganda kando yake, na kila alfajiri alijiuliza, kwa utulivu kabisa, kwa nini bado anapumua. Alisomewa, akafukiziwa, akanyweshwa maji ya kombe. Simu ilipolia dukani, Kaltun alikwenda kusema mtoto ana malaria.

Mwisho Kaltun alimwita jamaa yake, Duale, dresa wa hospitali, naye akampeleka kwa daktari mgeni aliyepita mjini. Daktari akaandika vidonge vidogo vya kahawia.

"Hivi ni vya moyo uliozama," Duale alieleza. "Vitamwinua, lakini taratibu."

Nyumbani Kaltun alifunga mlango, akautoa msahafu.

"Shika. Nina mabinti wawili hawajaposwa. Watu wakisikia neno waali limeingia humu, wakisema ukoo wetu una kichaa, nani atabisha hodi? Apa hutamwambia mtu."

"Hata Awil, eddo?"

"Huyo hasa."

Hinda akaapa. Angeapa chochote siku ile, alikuwa hajali.

Vidonge vilimwinua kweli. Siku moja alisikia ndege, akashangaa kwamba walikuwa wakilia siku zote. Usingizi ukarudi, kicheko kikarudi, na hamu ya kula ikarudi na ndugu zake wote. Alitamani sukari, alikomba sufuria ya posho, na hata alipojizuia mwili haukujizuia. Mashavu yakajaa, mikono ikajaa, shali ikaanza kumbana kiunoni. Na wakati huo wote, mji ulikuwa unakonda. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji ndani ya seng'enge, mifugo ikifa kwa kukosa malisho, na waliokuja mjini walikuja na mbavu za kuhesabika.

"Sauti yako imepona!" Awil alipiga kelele kwenye simu. "Lakini nasikia huko mmekwisha kabisa. Nimepata kibali, nakuja! Na nimekushonea gauni kwa Mhindi, la hariri, rangi ya zambarau. Kiuno nimemwonyesha kwa mikono yangu hivi. Nakijua kwa jicho."

Hinda akajitazama kuanzia kifuani kwenda chini. Mwarabu alikuwa anapima mchele, akijifanya hasikii.

"Njoo tu," alisema.

Akaja na msafara wa malori, bahasha ya gauni kwapani. Hinda alitoka kibandani mbio, mikono ina unga. Awil hakumwangalia usoni kwanza. Alimwangalia kama anavyoangalia mnyama anayeingia sokoni, shingo, bega, nyonga, na Hinda akaiona hesabu ikipita machoni mwake.

"Umenenepa," alisema.

"Alhamdulillahi," Hinda akajibu kwa kicheko kilichokosa mwenzake.

Penye wengi pana mengi, na penye Qali pana mengi zaidi. Huyu Qali, jirani muuza maziwa, alikuwa mwanamke asiyepata usingizi kabla hajamsema mtu. Kabla jua halijazama alikuwa amekwisha kumvuta Awil kando: amuulize mchumba wake anafuata nini kwenye lango la kambi ya jeshi. Mji mzima ulikuwa umemwona akiingia. Na mji ulijua nani hunenepa wakati wa vita: mwanamke wa askari, au anayewauzia askari majina ya watu.

Asubuhi Awil alikaa kibandani, chai hakuigusa.

"Nani anakulisha, Hinda?"

"Eddo Kaltun."

"Kaltun mwenyewe upepo unambeba. Unaingia lango la kambi?"

"Ndilo lango la hospitali pia. Kila mtu anajua."

"Unaumwa nini?"

Msahafu ulikuwa nyumbani, juu ya kabati, ndani ya kitambaa cheupe. Hinda aliuona kwa macho ya moyo.

"Tumbo."

"Anayeumwa tumbo hanoni."

"Mimi si mnyama, Awil."

"Basi niambie kama mtu! Nimekaa Thika naota uso wako, nawabembeleza makarani wanipe kibali. Nani? Koplo? Sajenti? Nuh aliuawa na hawa hawa, Hinda!"

Hilo la Nuh lilimpata pabaya, akageukia jiko. Awil aliuchukulia mgongo ule kuwa jibu. Akaweka bahasha mezani.

"Gauni hili lilishonewa mtu ninayemjua. Akirudi, mpe."

Hinda alikwenda kwa Duale.

"Nipe dawa ya kukonda."

"Kukonda?" Duale alishika kichwa. "Watu wanazimia njaa mlangoni! Sikiliza, dada. Ni vidonge vinavyokutia hamu na kukuletea mwili. Punguza sukari, tembea asubuhi, utashuka polepole. Lakini usiviache ghafla, na usiviache bila kuniambia. Kilichokuzamisha bado hakijaenda mbali."

Akaacha sukari. Akatembea asubuhi, akifuata ukingo wa mto, mpaka askari wawili walipomzuia kwa bunduki.

"Wewe mama, unapeleka chakula kwa shifta?"

"Hapana, afande," Hinda alijibu kwa Kiswahili cha kuazima. "Mimi natembea tu bole bole. Nataka kukonda."

Walicheka mpaka mmoja akaegemea mti. "Nchi nzima inalia njaa, yeye anataka kukonda!" Kisha kicheko kikakatika. Akionekana tena huko, walimwambia, hataulizwa swali. Kwa hiyo watu wa mji walimdhania wa askari, na askari wakamdhania wa shifta, na yeye alikuwa msichana mwenye mashavu tu.

Mwili ulishuka kidogo, lakini hakuna aliyeona. Jioni moja alilivaa gauni la zambarau, likakwama nyongani. Akalivua, akavichukua vidonge vyote, akavimwaga chooni.

Mwanzoni ilikuwa kama sherehe. Mashavu yaliporomoka, mifupa ya shingo ikajitokeza. Qali, bila haya, akamletea maziwa: "Sasa umerudi kuwa mtu wetu, abaayo, dada yangu." Kaltun akamshukuru Mungu. Na Awil akarudi, kichwa chini.

"Nisamehe, qalbi. Kama kulikuwa na malisho yoyote, yamekatika. Mtu akikosea akarudi, yamekwisha. Sitauliza tena."

Kusamehewa kosa usilolitenda ni tusi, lakini Hinda hakuwa na nguvu ya kutukanika. Mchanga ulikuwa umekwisha kupanda hadi magotini, hadi kifuani. Usiku alimsikia Nuh akiwaita ngamia. Aliitikia kwa kichwa kila alichoulizwa, na watu wakasema kweli bibi harusi ana haya.

Mkesha wa ndoa, baada ya alasiri, walimvisha gauni. Lilimkaa sawasawa. Wanawake wakapiga vigelegele. Awil alipenya mlangoni, akidai ana ruhusa, ana kikombe cha maziwa ya ngamia yenye asali.

"Leo zamu yangu," alimnong'oneza. "Mimi nashika, wewe unywe. Unakumbuka?"

Akaweka kikombe mdomoni mwake. Maziwa yakaingia, yakatoka pembeni mwa mdomo, yakateremka shingoni hadi kwenye hariri. Hinda hakuyafuta. Hakujua kama yalikuwa maziwa. Kwa mbali aliona uso wa Awil ukibadilika.

"Mnyama wa njaa hukimbilia majani," Awil alisema polepole, kama anayejisemea. "Huyu hakugeuka hata..." Akasimama. "Kaltun! Huyu mtoto anaumwa! Anaumwa nini? Sema!"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kaltun aliketi chini palepale, akasema yote, vidonge, kiapo, neno lile, mbele ya Qali na wanawake wote.

Awil alikimbia hospitali kwa lango lile lile la kambi, akasukumwa na askari, akawasihi, akarudi na Duale na vidonge.

Hinda alipona polepole kuliko mara ya kwanza. Ndoa iliahirishwa, na kila alasiri Awil aliketi nje ya mlango na kikombe, akiwafukuza kuku na wambea. Yeye huyo huyo alikuwa wa kwanza kusikia Hinda akiomba sukari, akalia kama mtoto. Mashavu yakarudi. Mwaka wa 1967 ukielekea kwisha, redio katika duka la Mwarabu ikatangaza mapatano, na siku ya mnada Awil akaja kibandani, kikoi kipya cha kijani, mbele ya madalali wenzake.

"Wazee warudi wakae," alisema kwa sauti. "Nenepa uwezavyo, qalbi. Nitalitangazia soko zima kwamba ni dawa."

"Nimekwisha kutangaza. Eddo alinifungulia kiapo, nikamwambia Qali. Sasa hivi wanajua mpaka Mandera."

Watu wakacheka. Awil akacheka. Hinda akainama, akatoa bahasha chini ya meza, akaiweka mbele yake. Gauni lilichungulia humo, doa la maziwa halijatoka.

"Hili nini?"

"Lako."

"Hinda, jicho langu lilikosea. Niadhibu, lakini..."

"Jicho lako halikukosea. Uliniona nimenona, kweli nilikuwa nimenona. Uliniona nimekonda, kweli nilikuwa nimekonda." Akaisukuma bahasha karibu naye zaidi. "Nami nilikudanganya, najua. Nilisema tumbo. Lakini nilipokuwa mzima hukuniamini, Awil. Nilipokuwa nakufa ndipo ukaniamini, ukanivisha na gauni."

Madalali wakaviweka vikombe chini.

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda, wallahi. Lakini kila tonge nitakalokula nyumbani kwako, nitalitazama jicho lako kwanza. Sitaweza."

Awil, aliyezoea kubishania ngamia tangu asubuhi hadi adhuhuri, akalirudisha gauni ndani. Akaichukua bahasha, akaondoka akipita katikati ya mifugo bila kumtazama mnyama hata mmoja.

Hinda alisubiri mpaka kikoi cha kijani kikapotea vumbini. Kisha akajimiminia chai, akatia sukari aliyoitaka, akainywa huku machozi yanamtoka.