Kanda Saba za Baba

Katika kanda ya kwanza walikuwamo watu tisa, na Karani aliwatambua wanane.

Jambo hilo halikumtisha, lilimkera. Mtu aliyekaa masjala miaka ishirini na sita, akipokea mafaili, akiyapa namba na kuyarudisha yalikotoka kwa sababu ukurasa wa nne haukusainiwa, hatishwi na mtu asiyejulikana. Hukerwa naye tu. Akairudisha kanda nyuma, akasogeza kiti karibu na runinga, akatazama upya.

Sebule ilikuwa hii hii alimokuwa amekaa, sofa ile ile kubwa ya ukutani, ila enzi hizo ilikuwa bado imevikwa nailoni ya dukani ambayo Baba alikataa isivuliwe. Baba mwenyewe haonekani, kwa kuwa ndiye aliyebeba kamera begani. Naye, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa ofisi, na kamera ile aliitumia kama mhuri. Iwe sherehe, iwe wageni tu wamekuja kusalimia, hakuna kilichoendelea mpaka azunguke chumba kizima na kila mtu aitazame kamera ajibu swali lake moja.

"Wewe ni nani wa nani?"

"Mke wa mwenye nyumba," alisema Mama, akijizuia kucheka.

"Shangazi wa watoto, na nina njaa."

"Mtoto wa kwanza," alisema Karani mwenyewe, mwenye miaka kumi na miwili na masikio makubwa kuliko kichwa.

Kamera ikafika mwisho wa sofa. Hapo alikaa mtu mrefu aliyevaa koti lenye mikono mifupi kuliko mikono yake, viganja juu ya magoti, kimya. Hakuitazama kamera. Alikuwa akimtazama shangazi mdomoni, kama mtu anayesubiri kitu kidondoke akidake. Kamera ikasita. Baba hakuuliza swali. Ilisikika sauti yake tu, chini chini, sauti ya mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala:

"Huyu tumpite."

Karani akamwita mkewe kutoka jikoni. Mkewe akaja na mwiko mkononi, akatazama.

"Labda ni mtu wa kusoma mita."

"Mtu wa mita anakaa kwenye sofa katikati ya familia?"

"Kwani watu wa mita hawachoki?" Akarudi jikoni kwake.

Kanda zilikuwa saba, na kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta aliiagiza Mama. Presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga na giza tu, kwa hiyo picha hakuzihitaji. Alitaka sauti moja. Katika kanda ya saba, na katika hiyo tu, alikuwamo kitindamimba wake akizungumza, miezi mitatu kabla ya homa kumchukua akiwa na miaka saba. Ameshika bili ya umeme, anaisoma kama mtangazaji wa habari, na kila Mama akicheka anamkemea: "Mama, acha kucheka, niko hewani." Mama alikuwa hajaisikia sauti hiyo kwa miaka thelathini, tangu deki ya video ilipokufa na hakuna aliyeona haja ya kununua nyingine.

Fundi, ambaye huenda ndiye fundi wa deki wa mwisho aliyebaki mjini, aliwaazima deki moja iliyofufuliwa na waya wa kuiunganisha na kompyuta. Alizinusa kanda, akakunja uso.

"Bosi, hizi zina ukungu. Usizichezeshe hovyo, kila zikizunguka zinakwisha. Na njia ya mkato hakuna. Kanda ya saa tatu inaingia kwenye kompyuta kwa saa tatu. Utakaa nayo kama mgonjwa."

"Basi anza na ya saba," Mama alisema siku hiyo hiyo.

"Mama, kazi ina utaratibu wake. Tunaanza na ya kwanza."

"Utaratibu wa nani?"

Karani alikuwa na likizo ya siku kumi na nne, ambayo kibali chake kilimfikia siku ya tatu ya likizo yenyewe. Akaanza na ya kwanza.

Kazi ikampanda kichwani. Deki ilitafuna mkanda, akauchomoa kwa penseli, robo mita kwa robo mita. Umeme ulikatika zikiwa zimebaki dakika sita, saa tatu zikapotea. Kompyuta ilisema haina nafasi. Alipofuta vitu ikapata nafasi, kisha ikasema haiitambui deki ambayo ilikuwa imeitambua asubuhi nzima. Karani aliitazama kama anavyotazamwa yeye na watu dirishani masjala, na kwa mara ya kwanza maishani akawaelewa.

Kilichomtuliza kilikuwa orodha. Alikuwa ametengeneza jedwali kwenye kompyuta: namba ya kanda, kilichomo, mtu, uhusiano. Watu wanane wa kanda ya kwanza waliingia bila shida. Wa tisa alikuwa na safu ya uhusiano tupu. Karani aliiacha tupu siku kadhaa, ikamwasha kama punje ya mchanga kwenye soksi. Maana mtu yule alikuwamo katika kanda ya pili pia, na ya tatu, koti lile lile, mwisho ule ule wa sofa, na kila mara Baba akisema, "Huyu tumpite." Baba aliweza kupita. Mwanawe hajawahi kupita safu tupu. Alhamisi mchana, akingoja kanda ya nne imalizike, aliandika kwa mtu wa tisa: *Mtu wa nyumbani.* Akajisikia vizuri kama aliyekunwa mgongo.

Kesho yake alifungua nakala ya kanda ya kwanza kuhakikisha imeingia sawasawa. Mke wa mwenye nyumba, shangazi mwenye njaa, mtoto wa kwanza. Kamera ikafika mwisho wa sofa, ikasita.

"Wewe ni nani wa nani?" Baba aliuliza.

Mtu mrefu akageuza uso, taratibu, akaitazama kamera.

"Mtu wa nyumbani," akasema. Alisema kwa sauti ya shangazi.

Karani akasimamisha. Akajiambia ni ukungu. Akatia kanda yenyewe kwenye deki, na kanda yenyewe ikasema vile vile, ila sasa shangazi, zamu yake ilipofika, alifumbua mdomo na haikutoka sauti. Midomo yake ilicheza bure. Mwisho wa sofa, midomo ya yule mtu ilicheza pamoja nayo.

Tangu siku hiyo sebule ikaanza kunuka nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka. Mkewe akafungua madirisha, akaanika mazulia, akamlaumu Karani na makanda yake. Kisha ikaja sauti: mchana kweupe, watu wakiwa jikoni, mlio wa nailoni inayokaliwa, ule mkwaruzo wa mtu anayejiweka sawa, na sofa ile ilikuwa haina nailoni tangu Baba azikwe.

"Mgeni wenu mkimya sana," Mama alisema akiwa kwenye kiti chake. "Nimemsalimia mara mbili, anapumua tu."

"Mama, hakuna mgeni," Karani alinong'ona.

"Basi kwa nini unanong'ona?"

Jumapili mkewe aliamka hana sauti. Alisema ni mafua, au alijaribu kusema. Kilichotoka ni upepo. Karani akaacha utaratibu, akaiandika kanda ya saba kwenye orodha kwa mazoea ya mkono, akaitia kwenye deki. Mtoto alikuwamo, na bili yake ya umeme, na sauti ilikuwapo bado, nyembamba, kama inayotoka chumba cha tatu. Lakini yule mtu hakuwa tena mwisho wa sofa. Alikaa ubavuni mwa mtoto, ameinama, mdomo wake umekaribia kabisa mdomo wa mtoto, na maneno yalikuwa yanahama. Karani aling'oa waya ukutani kwa mkono mzima.

Mganga ambaye Karani alielekezwa kwake alikuwa mama mnene mwenye miwani, cheti cha usajili ukutani na foleni nje. Alimpa fomu nakala tatu, zijazwe kwa herufi kubwa. Chini ya *Aina ya usumbufu* kulikuwa na visanduku: mzimu, jini, jirani, sijui. Karani, pamoja na hofu yake yote, aliiona fomu hiyo nzuri.

Mganga alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Baba yako alijua. Alikuwa anampita. Wale hawana sauti yao, na bila sauti hawana kwao. Anakaa pembeni anasubiri mtu amtambue. Wewe ukamwandika."

"Nitamfuta kwenye orodha."

"Umeshajaribu?"

Alikuwa ameshajaribu. Kila akifungua, neno lilikuwapo.

"Mimi natoa wageni," Mganga alisema. "Huyu si mgeni tena, karatasi zake ziko sawa. Akitolewa, inatoka orodha nzima na kila kilichoandikwa humo."

"Nizichome kanda?"

"Moto? Ndiyo njia yao hiyo, utamtengenezea mlango. Alivyoingia ndivyo anavyotoka. Rekodi utupu juu ya kila kanda, mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wake. Na mwenye nyumba, ndiye mama yako sasa, awepo, aamuru mwenyewe. Mkichelewa, akimaliza kanda atahamia kooni mwa watu. Kwa mkeo ameshaanza."

"Hakuna rufaa?"

"Kwa nani, mwanangu?"

Alimweleza Mama jioni hiyo bila kuficha kitu. Mama aliikunja mikono mapajani.

"Wewe na utaratibu wako," akasema. "Ungeanza na ya saba."

"Ndiyo, Mama."

"Futa za kwanza. Hiyo moja iache mwisho."

Zilimchukua siku tatu. Kufuta kulikuwa kurefu sawasawa na kunakili, saa tatu kwa saa tatu, Karani akibonyeza kitufe chekundu na deki ikirekodi utupu juu ya harusi ya shangazi, juu ya masikio yake mwenyewe, juu ya sauti ya Baba. Kila kanda ikiisha, mstari wake kwenye orodha na nakala yake kwenye kompyuta vilitoweka vyenyewe. Siku ya tatu, saa nane mchana, akaitia ya saba. Mama aliketi kwenye kiti chake, mkewe akasimama mlangoni akiwa na kitambaa shingoni.

"Mama, amuru."

Mama akashika mikono ya kiti. "Futa," akasema.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya deki tu, ikivuma. Halafu harufu ya nguo mbichi ikajaa, nailoni ikakwaruza, na kutoka mwisho wa sofa, mahali ambapo Karani aliona mto umebonyea bila mtu, sauti ya mtoto wa miaka saba ikasema:

"Habari za saa hii. Wateja wanatangaziwa kwamba bili ya umeme imepanda."

Mama alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakijua, kicheko cha miaka thelathini, naye akaweka kiganja mdomoni.

"Mama, acha kucheka, niko hewani."

"Zima," Mama alisema. "Zima hiyo mashine, mwanangu, ni yeye."

Karani alikuwa ameshanyoosha mkono hadi kwenye kitufe cha kuzima, kwa sababu naye aliijua sauti ile, alikuwa amelala nayo chumba kimoja, alikuwa ameigombeza usiku inyamaze walale, na sasa ilikuwa inamwita kaka, kaka usizime taa, kaka kuna giza huku, na mlangoni mkewe alikuwa akitikisa kichwa na kufumbua mdomo akipiga kelele ambazo hazikuwa na chochote ndani yake.

"Subiri," Mama alisema. Aliligeuzia sofa uso wake, macho yake yasiyoona yamekaza mbele. "Mimi Mama nakuuliza. Wewe ni nani wa nani?"

Deki ikavuma.

"Mtu wa nyumbani," ikasema sauti ya mtoto.

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayerudishiwa barua iliyokosewa anwani.

"Mtoto wangu angesema ni wangu," akasema. "Endelea kufuta."

Saa mbili na nusu zilizobaki hawakuondoka. Sauti ilisihi, ikaimba, ikalia kama mtoto mwenye homa, ikaomba maji, na Mama alikaa wima kwenye kiti chake, machozi yakimtiririka hadi kidevuni bila kuyafuta, akisikiliza kila neno, maana lilikuwa la uongo lakini sauti ilikuwa ya kweli na hataisikia tena, mpaka sauti ikaanza kukonda, ikawa uzi, ikawa mkwaruzo wa nailoni, ikawa hakuna. Deki ikagonga, ikatema kanda. Kwenye kompyuta orodha ilikuwa nyeupe.

"Mungu wangu!" mkewe akapiga kelele mlangoni, na akashtuka mwenyewe kujisikia. Akashika koo. "Nimewaambia nusu saa nzima kuna kitu kinaungua jikoni, hakuna hata mmoja anayegeuka!" Akakimbia huko, akiyatukana masufuria kwa sauti kubwa, nzuri, yote yake.

Mwisho wa sofa mto ulikuwa umenyooka. Harufu ilikuwa imekwenda.

"Limeondoka?" Mama akauliza.

"Limeondoka, Mama."

Mama akasikiliza chumba.

"Na yeye?"